Nikiachia nondo za dirisha, miguu inagoma

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Shangani hapa Mtwara mjini. Nilianza kucheza balei Dar es Salaam nikiwa shule ya msingi, na nilipofika kidato cha tatu mwalimu akaniruhusu kuvaa viatu vya ncha, vile vya satini ambavyo unasimama wima juu ya vidole. Baadaye mama akahamishiwa kikazi huku, nami nikaja naye. Tangu hapo sina darasa wala mwalimu. Nafanyia mazoezi sebuleni, nashika nondo za dirisha na kufuata video za kwenye simu. Viatu ni vilevile nilivyonunuliwa Dar.

Shida yangu ni hii. Nikishika nondo nasimama vizuri kabisa, hata kwa mguu mmoja. Nikiachia tu, kifundo kinaanza kutikisika na naangukia nyuma. Juzijuzi nilijaribu kupanda mguu mmoja katikati ya sebule, kiatu kikateleza kwenye vigae, nikakaa chini kwa kishindo mbele ya bibi na mama wadogo waliokuja kututembelea kutoka Newala. Sikuumia, lakini bibi alisema, "Mjukuu wangu, Mungu kakupa unyayo mzima, wewe wataka kusimamia kucha?" Wakacheka mpaka machozi. Toka siku hiyo, hata nikiwa peke yangu, mwili unakataa. Nakunja goti, nahesabu moja, mbili, tatu, halafu sipandi.

Mwezi wa 12 binti wa mama mkubwa anaolewa na ameniomba nicheze ukumbini, dakika tatu hivi. Nimeshakubali. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa anatuambia "kaza mwili wote", na mimi nakaza mpaka meno, haisaidii. Nifanye nini nijiamini? Nifunge utepe wa viatu kwa nguvu zaidi? Na mdogo wangu wa miaka 9 ananivizia nikitoka ili avivae. Nimwache ajaribu?

Mwoga wa Shangani


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na la mdogo wako, maana jibu lake ni fupi: hapana, na viatu vifungie kabatini. Mifupa ya miguu ya mtoto wa miaka 9 bado inakua, na kubeba uzito wote wa mwili juu ya vidole kunataka misuli ambayo hajaijenga. Walimu makini huanza kulifikiria jambo hilo mtoto akikaribia miaka 12, tena awe amefundishwa miaka kadhaa mfululizo, na wapo wanaofika umri huo wakaambiwa wasubiri. Acheze peku. Nitampa kazi nyingine huko mbele.

Utepe nao, usiukaze. Utepe kazi yake ni kukishikilia kiatu kisivuke, hauwezi kuwa mfupa wa pili wa kifundo. Ukiukaza sana unaibana ile kano ya nyuma ya kisigino, na kano iliyobanwa inauma na kuvimba. Ufunge ukiwa umekunja goti na unyayo wote uko chini, ili mguu uwe na nafasi ya kufanya kazi, na fundo likae upande wa ndani, kwenye kijibonde kati ya kifundo na kano.

Sasa viatu vyenyewe, ambavyo naona umevipitia haraka. Umesema ni vilevile vya Dar. Watu wengi wanadhani mbele mna kipande cha ubao au bati. Kwa vingi, hamna. Kile kikombe cha mbele ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, na adui wa gundi hiyo ni jasho na joto, vitu ambavyo Mtwara hatuendi kuvinunua dukani. Wacheza balei wakubwa wanaweza kumaliza jozi moja kwa onyesho moja tu la jioni. Wewe unavaa jozi ya miaka na kujilaumu kwamba huna ujasiri! Bonyeza ubavu wa kikombe kwa dole gumba. Kikikunjika bila kubisha, kimekufa. Kisha panda miguu yote miwili ukiwa umeshika kitu, mtu akupige picha kwa ubavu: kama soli ngumu ya ndani imelegea na mguu unapitiliza mbele ya ncha, viatu hivyo ndivyo vinavyokutikisa. Pia miguu ya kidato cha tatu si lazima iwe ndiyo miguu ya leo. Vidole vinatakiwa vilale vimenyooka ndani, visijikunje, na usiwe na nafasi ya kuzama.

Najua hutavikuta sokoni wala kwenye maduka ya viatu mjini, na namba zake haziendani na namba za viatu vya kawaida, kwa hiyo usimtume mtu akuagizie kwa namba ya kandambili. Ukienda Dar, nenda na miguu yako, na umwone mwalimu hata kwa somo moja. Vikija vipya, ukimaliza mazoezi usivifungie kwenye mfuko wa nailoni. Vitundike kivulini penye upepo.

Sakafu ndiyo iliyokuangusha siku ile, na bibi akashuhudia. Vigae juu ya zege ni vigumu na vinateleza. Wapo wanaomwaga soda sakafuni ili pagande kidogo. Sebuleni kwenu utapata sisimizi kabla hujapata mizani. Tafuta ubao mmoja wa plaiwudi, ule wa futi 4 kwa 8, uuweke juu ya mpira mwembamba usioteleza, juu yake utandike kapeti la plastiki na kulibana kingo zote kwa gundi ya utepe. Usiuweke juu ya godoro au sponji nene, utayumba zaidi. Hapo utakuwa na mahali pa kusimama, na mwili utaanza kuiamini sakafu kabla ya kujiamini wenyewe.

Halafu zile nondo. Hizo zimekudanganya muda mrefu. Nondo ya dirisha imesimama wima, mkono unaikumbatia na kuivuta. Ukivuta, nyonga zinabaki nyuma na uzito unakaa mkononi, wala hujui. Ndiyo maana ukiachia unaangukia nyuma, wala si kwa bahati mbaya. Bomba la kwenye darasa la balei limelala, unaweka vidole juu yake tu. Kama nyumba yenu ina baraza yenye ukuta wa kimo cha kiunoni, hamia hapo. Kama haina, chukua kiti kizito chenye egemeo refu na mdogo wako akalie, ndiyo kazi niliyomwahidi. Simama ubavuni mwa egemeo, usilitazame. Panda miguu yote miwili, mmoja mbele ya mwingine umebana, kisha inua kiganja ubaki na vidole viwili, kisha kimoja, kisha mkono uelee juu ya kiti bila kukigusa. Upande unaoangukia ndio unaokuambia uzito wako ulikuwa umejificha wapi. Ukienda nyuma, nyonga hazijafika juu ya vidole. Ukienda kwenye kiti, ulikuwa unakiegemea.

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Unasema unakunja goti, unahesabu, halafu hupandi. Mwanangu, mwili wako hauogopi kupanda. Kupanda unakujua tangu kidato cha tatu. Unaogopa kushuka, kwa sababu mara ya mwisho ulishuka kwa makalio. Na video nyingi zinafundisha kupanda tu: panda hivi, kaa juu, tabasamu. Nani amewahi kukufundisha kushuka?

Kwa wiki mbili tatu za mwanzo, usijali unakaa juu muda gani. Fanyia kazi mashuko. Anza peku, ukiwa umeshika. Panda kwa mpigo mmoja, shuka kwa hesabu nne: teremsha kisigino polepole magoti yakiwa yamenyooka, kisigino kikishagusa ndipo ukunje goti kwa ulaini. Utasikia mashavu ya miguu yanaungua. Yanaungua kwa sababu kushuka taratibu kunaiweka misuli kazini muda mrefu, na huko kunajenga mguu. Ukizoea, vaa viatu ufanye vilevile, ila kutoka juu upitie kwanza nusu ncha, yaani vidole vimelala sakafuni na kisigino bado kiko juu.

Kisha jifunze kutoka. Ukiwa juu ya mguu mmoja na mwingine umekunjwa goti pembeni, ule ulioinuliwa uteremshe nyuma yako, kunja magoti yote mawili, umemaliza. Fanya hivyo kwa makusudi, kabla hujayumba, mara nyingi, mpaka kuwe tabia. Halafu umwite mdogo wako: wewe panda, yeye apige kofi wakati wowote anaotaka, na kofi likilia unashuka kwa utaratibu huo, uso haujabadilika. Atafurahi kweli huyo, maana ni mara yake ya kwanza kukuamrisha. Nawe utagundua baada ya siku kadhaa kwamba hesabu ya moja-mbili-tatu imepotea yenyewe. Mtu akishajua mlango wa kutokea uko wapi, haoni tabu kuingia.

Kuna ishara moja tu ambayo haina mjadala. Uzito ukihamia upande wa kidole kidogo, na kifundo kikaanza kulalia nje, shuka papo hapo. Usipigane nacho. Kano zinazokishikilia kifundo kwa upande wa nje ndizo zinazochanika mara nyingi kwa wachezaji, na zikichanika, mwezi wa 12 utakuwa umekaa meza ya wazee. Uzito wako ukae juu ya kidole gumba na viwili vinavyokifuata. Maumivu makali nyuma ya kifundo au kwenye kiungo cha dole gumba yasiyoisha ukipumzika, usiyapake dawa ya kuchua ukaendelea. Nenda hospitali ya Ligula wakakuone.

Kuhusu "kaza mwili wote", mwalimu wako alisema nusu ya neno. Umewahi kuwatazama wachezaji wa ngongoti, wale wanaocheza juu ya miti mirefu, kwa makini, chini kwenye miti, si juu kwenye kinyago? Hawagandi. Hata ngoma ikitulia utaona kijihatua huku, kijihatua kule, kiuno kinatafuta katikati muda wote. Akiganda anaanguka. Wewe juu ya ncha huna nafasi ya kupiga kijihatua, lakini ndani ya kifundo na nyayo misuli inafanya kazi hiyohiyo, inarekebisha na kurekebisha. Ukikaza kila kitu mpaka meno, misuli haina pa kuchezea. Kwa hiyo kutikisika kidogo si dalili ya kushindwa, huko ndiko kusimama kwenyewe. Kaza paja la mguu uliosimamia, ubavu wa nje wa kalio na chini ya kitovu. Shingo, taya na vidole vya mikono viache. Na pumua, kwa jina la Mungu. Nina uhakika unazuia pumzi kuanzia "moja" mpaka "tatu". Toa pumzi wakati unapanda.

Macho nayo. Mwili unajua uko wapi kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za misuli na viungo. Kiatu cha ncha kinapunguza sana habari zinazotoka kwenye unyayo, kwa hiyo unategemea zaidi macho. Wengi wenye hofu hutazama sakafu, mahali wanapodhani wataangukia, na kichwa chenye kilo 4 au 5 kinawafuata. Chagua kitu ukutani usawa wa macho yako, kalenda, saa, picha ya harusi ya wazazi, ukitazame bila kukikodolea. Ukiwa peku na unyayo mzima chini, zoea pia kusimama mguu mmoja macho yamefumbwa, wakati unapiga mswaki kwa mfano. Umeme ukikatika, usilalamike, hiyo ni nafasi nyingine ya mazoezi hayo. Ya viatu usiyafanye gizani.

Nguvu za kawaida hazina njia ya mkato. Simama peku kwa mguu mmoja, goti limenyooka, panda na kushuka kwa kimo kilekile bila kujisukuma kwa mkono. Walimu wengi wanataka uweze mara 20 hadi 25 mfululizo kwa kila mguu ndipo wakuamini juu ya ncha. Ukiishia 11, basi umejua ujasiri wako ulikwama wapi, na hilo ni jambo la kufanyia kazi, si la kulilia. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kizungushie mguu, usukume nyayo nje na ndani taratibu. Na ufuo uko hapo Shangani. Kutembea peku kwenye mchanga laini asubuhi kunazifaa nyayo kuliko video nyingi.

Ile hatua iliyokuangusha, ya kutupa mguu ulionyooka mbele na kusimama juu yake moja kwa moja, wachezaji wanaiita pike. Watu hukosea kwa kupiga hatua ndefu kwa mguu huku mwili umebaki nyumbani. Msukumo unatoka kwenye mguu wa nyuma uliokunja goti: unaisukuma sakafu, na nyonga, mabega na kichwa vinafika juu ya vidole kwa pamoja. Piga hatua fupi kuliko unavyotamani. Goti la mguu unaopokea liwe limenyooka tayari kabla ya kugusa, usilinyooshe ukishafika. Mikono ifike na mwili, isije nyuma kama inapunga daladala. Lakini pike usiirudie ukiwa peke yako kwa sasa. Anza na kupanda miguu miwili katikati ya ubao bila kushika, kisha kupanda kutoka miguu miwili kwenda mmoja, na mashuko yake. Simu iweke kwenye kigoda usawa wa vifundo, ujirekodi mbele na ubavuni, umtumie mwalimu yeyote wa Dar unayemwamini. Kwa kukosa kioo kikubwa usisikitike. Ukumbini hakutakuwa nacho.

Sasa harusi. Hakuna sheria inayosema dakika tatu zote ziwe juu ya ncha. Mcheza balei Marie Taglioni aliyewastaajabisha watu wa Paris mwaka 1832 alipanda kwa viatu laini vya satini vilivyoshonewa nyuzi kwenye ncha na pembeni, bila kikombe kigumu cha leo, na kwa viatu vile hakuna anayekaa juu muda mrefu. Walichokikumbuka watu ni wepesi. Weka ya miguu miwili mwanzoni, ukiwa na wasiwasi bado. Ya mguu mmoja iwe moja au mbili tu, baada ya mwili kupata moto, na kila moja ikae kwa pigo moja la muziki kisha ishuke kwa ule ushukaji uliojifunza. Hakuna shangazi wa bwana harusi atakayejua kwamba ulipanga kukaa mapigo manne. Na kama wiki ya mwisho viatu bado vinakutisha, cheza kwa nusu ncha, kwa viatu laini. Mimi ningekupigia makofi vilevile.

Bibi usimshindilie hoja. Amekuona ukianguka na ana haki ya kuogopa. Mkaribishe akae barazani siku ya zoezi la makofi, hata apige yeye. Akiona unashuka kila anapotaka, atakuwa wakili wako kwa wale wa Newala.

Nenda ukumbini siku moja kabla, na viatu vyako, ujaribu sakafu. Kama ni vigae, beba kapeti lako na gundi yake. Kisha mtafute MC mapema, kabla hajashika kipaza sauti, kwa sababu hatari kubwa siku hiyo haitakuwa kifundo chako. Msimu wa korosho watu wana hela, na wewe ni mtoto wa nyumbani. Ukipanda tu, mama wadogo wote watasimama na vigelegele, waje wanacheza kukutunza, mmoja akubandike noti ya elfu kumi kwenye paji la uso ukiwa juu ya mguu mmoja. Na zinazodondoka, kiatu cha satini juu ya noti kinateleza kuliko juu ya kigae. Mwambie MC atangaze kwa sauti, na arudie, kwamba zawadi zote zinapokelewa muziki ukikatika. Na umweke binamu mmoja mwenye sauti kali pembeni ya kapeti awazuie watakaojifanya hawakusikia.